Kicheko Kilichowahi

Kitu cha kwanza alichokigundua Nyamizi kilikuwa kidogo mno: mtoto alikuwa amecheka mapema.

Akarudisha nyuma. Skrini ya kushoto ilikuwa inasoma diski yenyewe, ya kulia ilikuwa na nakala, na zote mbili zilionyesha mwanamume mnene akitembea na gunia la unga kichwani, macho yote kwa binti aliyekuwa akianika nguo badala ya kutazama njia. Akajikwaa. Gunia likapasuka. Mtu mzima akawa mweupe kuanzia utosini hadi kwenye viatu. Kwenye nakala, kicheko cha watazamaji, kilichorekodiwa pamoja na filamu, kililipuka palepale, na katikati yake kulikuwa na sauti nyembamba ya mtoto, safi, imepangwa vizuri pamoja na za wenzake.

Kwenye diski haikuwa hivyo. Kwenye diski walicheka kwanza wachache. Ikafuata sauti ya mfasiri akieleza kilichotokea, na hapo wakacheka wengi. Kicheko kikapoa. Pakawa kimya kwa muda wa pumzi mbili, tatu, na ndani ya kimya hicho mkwaruzo mdogo, kama mtu anayekunja karatasi. Ndipo mtoto akacheka. Peke yake, kwa nguvu zote, kama aliyefunguliwa mlango baada ya wenzake wote kuingia ndani.

Nyamizi alivua hedifoni, akazifuta kwa upindo wa kitenge, akazivaa tena. Hakurudisha nyuma mara ya tatu. Sheria haikuruhusu mashine itunze diski nzima hata kwa dakika moja, kwa hiyo kila ulipotaka kusikia tena, taa ilibidi iisome diski upya, na diski hii haikuwa na nguvu ya kusomwa ovyo. Upele ulikuwa umeishika. Madoa ya rangi ya chai yalikuwa yameanzia ukingoni na kutambaa hadi karibu na tundu la katikati.

"Nakala ni sawa?" iliuliza mashine kwa sauti yake ya upole. Mara ya kwanza.

Nyamizi hakujibu.

Alichukua fomu ya mwenye diski akaisoma tena, polepole, kidole chini ya kila neno, kama alivyosoma siku zote. Kwenye nafasi iliyouliza, *Unataka tuangalie nini zaidi?* watu wengi huandika *isikwamekwame*, au hawaandiki kitu. Huyu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa zilizoinama: *Dakika ya arobaini na saba. Kicheko cha mtoto wangu Wande. Hana picha.*

*

Kituo cha Kubania kilikuwa ndani ya ghala la zamani la tumbaku, pembeni mwa mji wa Tabora, na siku za mvua kuta bado zilitoa harufu yake. Watu walikuja na diski zao ndani ya vikapu, ndani ya mabegi ya shule, wengine ndani ya masufuria yenye mifuniko. Sheria ilikuwa nyepesi kuieleza. Filamu uliyoinunua ni yako, na una haki ya kuitunza isipotee, ila huna haki ya kuwa nayo mara mbili. Ukileta diski, inanyonywa, inabanwa iwe faili, na faili linaingia kwenye kete ya nyumba yenu, kijiwe cheusi kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kila nyumba ilipewa kete moja tu. Diski yenyewe inateremka kwenye kinu, inasagwa. Kokoto zake zilimwagwa uani, na kwa mwaka mmoja na nusu njia nzima kutoka getini hadi mlangoni ilikuwa imegeuka ya kumeremeta. Watoto waliokuja na wazazi wao waliipenda njia ile. Nyamizi alipita kando yake, kwenye majani.

Mashine iliyobana iliitwa Mbanaji. Haikutunza picha. Ilitunza maelezo ya picha. Mvua inajulikana ilivyo, basi Mbanaji iliandika tu kwamba hapa kuna mvua, ya wastani, inatokea kushoto, na siku unayofungua faili inakunyeshea mvua yake yenyewe, wala huwezi kujua. Hivyohivyo kwa miti, kwa magari, kwa milio ya risasi, kwa watu wanaopita nyuma ya shujaa. Yasiyokuwa na kazi iliyaita kelele, ikayatupa. Yaliyopinda iliyanyoosha. Ndiyo maana filamu ya saa mbili ilienea mahali pa wimbo mmoja, na kabati zima la marehemu baba yako likaingia kwenye kijiwe.

Lakini walioiunda waliifundisha kwa filamu za majumba makubwa ya mbali, ambako watu wote wanaijua lugha ya filamu na wanacheka pamoja. Banda la video haikulijua. Haikujua kwamba kule kulikuwa na mtu mmoja mwenye kipaza sauti, amekaa kando ya televisheni na chupa ya maji, anaifasiri filamu nzima peke yake, sauti ya shujaa yeye, ya adui yeye, ya mama mkwe yeye, na kwamba mafundi walizirekodi diski hizo humohumo bandani, na jenereta linanguruma, na watu wanaingia wanatoka. Haikujua kwamba kule kicheko kilikuja mara mbili, kwanza cha wenye macho ya haraka, kisha cha waliosubiri kuambiwa. Mbanaji ilipokuta kicheko kimechelewa, ilidhani sauti imeteleza kutoka kwenye picha. Ikakirudisha mahali ilipoona ndipo pake, kwa nia njema kabisa, kama mtu anavyonyoosha kioo kilichokaa upande ukutani.

Kazi ya Nyamizi ilikuwa kusikiliza na kutazama pande zote mbili, kisha kutamka maneno mawili. Ilibidi yatamkwe kwa mdomo, kwa sauti ya mhakiki mwenyewe, ili baadaye asije mtu akasema alibonyeza kitufe kwa bahati mbaya. *Ni sawa.* Ukinyamaza, mashine inauliza tena baada ya dakika kumi. Ukinyamaza mara ya tatu, inahesabu kwamba umekubali. Waliweka hivyo kwa sababu wahakiki wa mwanzo walikuwa wakisinzia.

Pembeni mwa skrini kulikuwa na hesabu ya nakala alizozipitisha tangu aajiriwe. Ilisomeka elfu tatu mia moja na kumi na mbili.

*

Kidirisha cha kwenye ukuta kilifunguka, kikaingia kichwa cha Mrisho, fundi wa kinu, kimejaa vumbi la kung'aa mpaka kwenye kope.

"Dada Nisawa! Umelala?"

"Bado."

"Bado nini? Kinu kinazunguka tupu huku, kinanung'unika kama mke mkubwa. Diski gani hiyo inayokushinda?"

"Ya yule mama aliyekuja na diski kumi na moja kwenye kanga."

"Ile ya mtu wa unga?" Mrisho akacheka. "Hiyo hata babu yangu alikuwa nayo. Jamaa anadondoka na gunia, basi. Sema maneno yako mawili twende tukale, leo mama ntilie kapika maharage ya nazi."

"Mrisho."

"Naam."

Alitaka kumuuliza. Alitaka kusema, wewe unayezisaga, hujawahi kusikia kitu? Lakini maneno yalifika kooni yakakaa, kama yalivyozoea kukaa. "Mwambie yule mama aingie," alisema mwishowe.

"Mwenye diski aingie humu? Tangu lini?"

"Imeandikwa. Mwenye mali anaweza kuisikiliza nakala kabla diski haijashuka."

"Imeandikwa, ndiyo. Sijamwona anayeisoma." Alimtazama kidogo zaidi ya kawaida. "Umekuwa mweupe kuliko yule wa unga. Haya, namwita."

Kidirisha kikafungwa. Nyamizi alikaa mikono mapajani, akaitazama taa ndogo juu ya mashine. Ya kijani ilikuwa imezimika. Iliwaka ya njano.

Haikuwa mara yake ya kwanza kusikia tofauti, na hilo ndilo lililomsumbua. Walimchukua kazini kwa masikio tu. Siku ya majaribio waliwafungulia sauti mbili mbili na kuwauliza kipi kimezidi, kipi kimepungua, na kati ya watu themanini, wengi wao na vyeti vyao kwenye bahasha, yeye aliyeacha shule darasa la tano kumuuguza mama yake ndiye aliyepata zote. Kisha ikaja siku ya kwanza ya kazi, na diski ya kwanza, na dakika ya sita ya diski hiyo mfasiri akakohoa. Kikohozi cha mvutaji, kirefu. Kwenye nakala hakukohoa. Fundi mkuu alikuwa amesimama mbele ya wote akisema kwamba tofauti ndogondogo watakazozisikia ni kelele tu, si filamu, na wenzake wenye vyeti walikuwa wanaandika kwenye madaftari. Nyamizi aliwatazama wakiandika. Akafikiri kwamba labda kuna kitu kinachofundishwa darasa la sita, au la saba, ambacho angekijua angeelewa kwa nini kikohozi cha mtu si kitu.

"Ni sawa," alisema siku ile.

Baada ya hapo ikawa rahisi. Mlango uliolia. Jina la mtu lililoitwa kutoka nje. Jenereta. Kicheko cha mtoto hakuwahi kukisikia, hadi leo. Ila pia hakuwahi kutafuta.

*

Jina lake hasa halikuwa kwenye fomu. Alikuwa ameandika Mama Wande, na karani akaacha hivyo, kwa kuwa mji mzima ulimwita Mama Wande ingawa Wande mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na minne kaburini. Alikuwa mwembamba, mrefu, miwani imefungwa kwa uzi, na aliingia akitembea pembeni pembeni ili asiguse kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Imekubali?"

"Kaa kwanza. Njoo usikilize mwenyewe."

"Hapa? Na haya madude yanaingia ndani ya masikio au yanakaa juu?"

"Yanakaa juu."

Mama Wande alifungua kilemba chake, akakikunja mara mbili, akakiweka mapajani kana kwamba yuko mbele ya daktari. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. "Zile kumi ni za marehemu mume wangu," alisema, akiwa bado hajavaa hedifoni. "Mapigano matupu. Watu wanapigana tangu mwanzo hadi mwisho, hata hujui wamegombania nini. Hii moja ndiyo yangu. Alipokuja mtu wa kurekodi bandani, tulijua siku hiyo anarekodi, watu wakavaa vizuri kabisa, utadhani wataonekana." Akacheka kidogo. "Sauti haivai nguo."

Nyamizi alimfungulia nakala, dakika ya arobaini na sita, akakaa akiutazama uso wake.

Yule mnene akatokea na gunia. Mama Wande alishika ukingo wa meza. Gunia likapasuka, kicheko kikalipuka, na uso wa mama yule ukafanya kitu ambacho Nyamizi hakuwahi kukiona kwenye uso wa mtu mzima. Ulifunguka. Mkono ukaenda mdomoni.

"Ndiye," alisema. "Ndiye huyo. Rudisha."

Nyamizi alirudisha. Nakala haikuchoka, ungeweza kuirudisha mpaka mwisho wa dunia. Mama Wande alisikiliza mara ya pili, na ya tatu, machozi yakimtiririka hadi kidevuni naye hayafuti.

"Nakala ni sawa?" iliuliza mashine. Mara ya pili.

Basi, alifikiri Nyamizi. Amemjua. Mimi ni nani? Alivuta pumzi, na yale maneno mawili yakaja yenyewe mpaka kwenye meno, mepesi, yamezoea njia.

"Ila..." alisema Mama Wande.

"Ila nini, mama?"

"Hapana, si kitu." Alisogeza hedifoni moja pembeni ya sikio. "Unajua mtoto huyu alikuwa anasikia sikio moja tu. La kulia. La kushoto surua ilikwenda nalo. Sasa bandani mle, kelele za jenereta, mfasiri anakwenda mbio, hawezi kushika. Kwa hiyo mimi nakaa kuliani kwake. Wenzake wakishacheka namnong'oneza sikioni, jamani fulani kafanya hivi na hivi, ndipo naye anacheka. Watu walituzoea. Mfasiri mwenyewe, Mzee Kadala, alikuwa ananyamaza makusudi. Banda zima linangoja. Watu mia na zaidi, mwanangu, wananyamaza wanamngoja Wande acheke, ndiyo filamu iendelee."

Nyamizi aligeuka, akaitazama diski.

"Na siku zote nimekaa na hilo," aliendelea Mama Wande, taratibu, kama anayejishauri mwenyewe. "Kwamba alicheka kwa mdomo wangu. Siku ya kumzika nilijiambia hivyo. Kumbe siku hii alicheka na wenzake. Kumbe alikuwa anaelewa mwenyewe." Alitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa baya kulitazama. "Basi nimejitungia. Uzee. Mtu unakaa miaka arobaini unajipa kazi ambayo hukuifanya."

Alirudisha hedifoni sikioni. "Nifungulie tena."

Nyamizi alifungua, kwa sababu aliombwa. Akaukumbuka mkwaruzo ule wa kwenye diski. Karatasi ile iliyokunjwa ndani ya kimya. Haikuwa karatasi.

*

Bwana Lubasha, msimamizi wa kituo, alikuwa ameiona taa ya njano kutoka ofisini kwake. Hakuingia kwa hasira, hakuwa mtu wa hasira. Alimwita Nyamizi kwa kidole hadi nyuma ya rafu, mahali ambapo Mama Wande angewaona lakini asingewasikia.

"Kuna shida gani, binti yangu?"

"Kile kicheko," alisema Nyamizi akitazama viatu vyake.

"Kimefanyaje?"

"Si mahali pake."

"Yule mama amekisikia?"

"Ndiyo."

"Akasemaje?"

"Amelia."

"Kwa uchungu?"

Nyamizi alitikisa kichwa.

Bwana Lubasha aliegemea rafu, akapunguza sauti. "Sasa nisikilize vizuri. Nimeiona ile diski asubuhi. Imeoza. Inaweza isisomeke hata mara moja nyingine. Ukiikataa nakala, anarudishiwa diski yake na haki ya kuinakili nzima bila kubanwa, sawa, ndivyo ilivyoandikwa. Ataweka kwenye deki, itakwaruza, itagoma. Atabaki na nini? Sasa hivi ana mtoto anayecheka. Wewe unataka kumwachia sahani yenye madoa."

"Lakini anasema yeye..."

"Subiri. Na wale wengine?" Alionyesha kwa kidevu upande wa uani. "Ukitamka neno la kukataa, mashine inafunga kila nakala iliyopita mikononi mwako na kuwapigia simu wenyewe, leo hiihii. Nakala elfu tatu. Mtu amekaa na wajukuu wake, wanamsikiliza marehemu, anaambiwa huenda si yeye. Na diski yake iko wapi? Unaikanyaga ukija kazini."

"Siikanyagi," alisema Nyamizi, kwa sauti ndogo hata yeye mwenyewe hakuisikia sawasawa.

"Nakuuliza kwa wema kabisa. Hiki kitu umeanza kukisikia lini?"

Alikuwa na nafasi. Palikuwa na mtu mkubwa mbele yake, ameuliza, amenyamaza, anangoja jibu.

"Leo," alisema Nyamizi.

Uso wa Bwana Lubasha ukalegea kwa nafuu. "Basi umechoka. Inatokea. Sikiliza, wala usijilazimishe kusema uongo, kama moyo unakataa. Usiseme kitu. Kaa kimya tu, dakika mbili hizi, itajipitisha yenyewe. Hilo huliwezi?"

Hilo aliliweza kuliko mtu yeyote katika mji ule, naye alijua hivyo.

*

Alirudi kwenye kiti chake. Mama Wande alikuwa amefumba macho. Alikuwa ameinama kidogo upande wa kushoto, kichwa kimeelekea mahali ambapo kichwa cha mtoto wa miaka sita kingekuwa, na midomo yake ilikuwa inataka kusema kitu. Kila kicheko kilipolipuka mapema, midomo ilikatika katikati. Akairudisha nakala nyuma kidogo. Akajaribu tena. Alikuwa anajifundisha kunyamaza.

Sahani ya chuma iliyobeba diski ilianza kuinama kuelekea kwenye mdomo wa kinu, nyuzi chache kwanza, kama ilivyofanya kila mara ikijiandaa. Chini, kinu kilibadili mlio. Kidirisha kilifunguka na Mrisho akachungulia, safari hii bila utani. Mlangoni alisimama Bwana Lubasha, mikono mifukoni.

"Nakala ni sawa?" iliuliza mashine. "Hii ni mara ya tatu. Nitahesabu hadi thelathini."

Moja, mbili, tatu zilianza kuonekana kwenye skrini. Nyamizi alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alifikiri juu ya wenye nakala zile elfu tatu, akajaribu kumfikiria mmoja wao tu, akamwona mzee fulani wa mwezi wa pili aliyeleta diski moja ndani ya soksi, akashukuru kwa mikono miwili alipopewa kete yake. Kumi na nne. Simu ya mzee yule italia leo. Atauliza, sasa huyu niliyekuwa nikimsikiliza kila jioni ni nani? Kumi na tisa. Alifikiri juu ya diski iliyooza, na kwamba Bwana Lubasha hakudanganya hata neno moja. Ishirini na mbili. Sahani iliinama zaidi, diski ikateleza kidogo, na mwanga wa dirisha ukapita juu ya yale madoa ya chai.

Mama Wande alifumbua macho. "Imekwisha?" aliuliza. "Tuwaachie wenzetu nao?"

Ishirini na saba.

"Si sawa," alisema Nyamizi.

Ilitoka kama kikohozi. Mashine ikaganda. "Rudia."

"Si sawa!"

Kinu kikazimika. Nyamizi hakuwa amejua jinsi mlio wake ulivyojaa mle ndani, hadi ulipoondoka na masikio yakabaki kama yameinuliwa juu. Sahani ikainuka, ikarudi mahali pake. Mlangoni, Bwana Lubasha alitoa mikono mifukoni, akavua miwani, akafunika macho kwa kiganja.

Mama Wande alikuwa amevua hedifoni. "Nimeharibu kitu?"

"Hapana, mama." Nyamizi aliichukua diski kwa ncha za vidole, akaiweka juu ya kile kilemba kilichokunjwa mapajani mwa mama yule. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, akaiacha itetemeke. "Ulichokisikia si alivyocheka. Mashine imekivuta nyuma. Kwenye diski wanacheka wachache, kisha wengi, kisha wananyamaza. Halafu kuna sauti ndogo. Mimi nilidhani ni mtu anakunja karatasi. Ni wewe, mama. Halafu ndiyo anacheka."

Mama Wande aliitazama diski mapajani mwake.

"Kwa hiyo nilimnong'oneza."

"Ulimnong'oneza."

"Na wakangoja?"

"Wakangoja, mama. Wote."

Mama yule aliifunika diski kwa pindo la kilemba, taratibu, pembe moja baada ya nyingine. "Inaweza isisome tena," Nyamizi alisema, kwa sababu hilo nalo ilibidi lisemwe. "Imeoza sana. Unaweza ukaikosa yote, hata hii ambayo si sawa."

"Nimekuelewa. Zile kumi za mapigano zitupeni, kete yote iwe ya hii, nzima nzima. Ikigoma, imegoma." Aliiweka mikono yote miwili juu ya kilemba. "Mimi nilikuwa nimeshaanza kumsahau, mwanangu, ukinitazama hivihivi. Hapa hapa kwenye kiti chako."

Skrini zote mbili zilikuwa zimezimika. Kwenye ya kulia yalitokea maandishi, na mashine ikayasoma kwa sauti ileile ya upole.

"Nakala imekataliwa. Taarifa inaandaliwa kwa wenye mali wote. Mhakiki, kasoro hii umeanza kuisikia lini?"

Bwana Lubasha alimtazama kutoka mlangoni. Hakumtisha. Alisogeza midomo tu bila sauti, neno moja, lilelile alilopewa nyuma ya rafu. *Leo.* Alikuwa anamsihi, na kwa namna yake alikuwa anamwonea huruma. Mhakiki aliyeanza kusikia leo amefanya kazi yake vizuri. Mrisho, kwenye kidirisha, alikuwa ameshika kichwa, na vumbi la kung'aa likimdondokea mabegani.

"Mhakiki," mashine ilisema, "tangu lini?"

Nyamizi alisimama. Hakukuwa na sababu ya kusimama, ila shuleni walisimama walipojibu, na yeye mara nyingi alikuwa amesimama na jibu mdomoni na kukaa nalo tena. Aliitazama hesabu ile pembeni mwa skrini, elfu tatu mia moja na kumi na mbili, akavuta pumzi hadi chini.

"Tangu diski ya kwanza," alisema. "Siku ya kwanza, dakika ya sita. Mfasiri alikohoa, na kwenye nakala hakukohoa. Nilisikia. Nimesikia siku zote."